Maziwa Yanapohama: Kuzuia Utapiamlo kwa Wazee Wanaoishi Nyumbani katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna utapiamlo wa wazee wanaoishi nyumbani unavyoweza kuzuiwa katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Hoja kuu ni kwamba katika jamii ya wafugaji njaa ya mzee huanza mapema kuliko inavyoonekana: huanza siku ng'ombe wa kukamwa wanapohamishwa kufuata malisho ilhali mzee anabaki bomani na unga wa mahindi. Kwa kuwa wakati huo chungu bado kina chakula, upungufu huo haupewi jina la njaa, na kwa kuwa vipimo vya lishe vijijini hulenga watoto na wajawazito, hauonekani pia katika takwimu za zahanati. Makala yanaeleza misingi ya lishe uzeeni, mazingira ya Loliondo, mbinu za kutambua hatari mapema, na hatua za kuzuia katika ngazi ya boma na ya taasisi. Yanahitimisha kwamba kinga yenye manufaa zaidi ni ile inayofanyika kabla ya kiangazi, kwa kupima mkono wa mzee na kukubaliana kuhusu mgawo wake wa maziwa.

1.0 Utangulizi

Watanzania wengi walilisikia jina la Loliondo mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipomiminika katika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Miongoni mwa waliokaa kwenye foleni zile walikuwamo wazee wengi wenye maradhi ya muda mrefu. Umati ule ulipotawanyika, wazee wa Loliondo wenyewe walibaki na maisha yao ya kila siku, ambamo afya hutegemea sana kile kinachoingia katika bakuli asubuhi na jioni.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilionesha kwamba watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Walio wengi miongoni mwao huishi vijijini. Makazi maalumu ya wazee ni machache na huhudumia sehemu ndogo sana ya kundi hili. Kwa hiyo, kusema juu ya lishe ya mzee nchini Tanzania ni kusema juu ya lishe ya mzee aliye nyumbani. Huko hakuna mpishi wa taasisi wala ratiba ya mlo. Yupo mkaza mwana, mjukuu, jirani, na mara nyingine mzee peke yake.

Licha ya hali hiyo, mipango ya lishe nchini imeelekezwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka mitano na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwelekeo huo una sababu za msingi, kwani madhara ya udumavu utotoni hudumu maisha yote. Hata hivyo, umeacha pengo: mhudumu wa afya anaweza kufika bomani akiwa na utepe wa kupimia mzunguko wa mkono, akampima mtoto, kisha akaondoka bila kumpima bibi aliyempakata mtoto huyo. Makala haya yanalichunguza pengo hilo kwa kutumia maarifa yaliyokwisha kuthibitishwa katika taaluma ya lishe na yale yanayojulikana kuhusu maisha ya wafugaji wa Loliondo. Hayatoi takwimu mpya za uwandani. Yanajenga hoja ambayo watafiti wa baadaye wanaweza kuipima.

2.0 Dhana ya Utapiamlo Uzeeni

Utapiamlo ni hali ya mwili kukosa uwiano unaofaa wa virutubishi. Hali hiyo hujumuisha upungufu na uzidifu, lakini makala haya yanashughulikia upungufu pekee. Kwa mzee, upungufu una sura tatu zinazoweza kukutana kwa mtu mmoja: upungufu wa nishati, upungufu wa protini, na upungufu wa vitamini na madini.

Ni vema kuondoa dhana moja potofu tangu mwanzo. Husemwa kwamba mzee hahitaji chakula kingi kwa kuwa hafanyi kazi nzito. Kauli hiyo ina ukweli kwa upande wa nishati tu. Mahitaji ya nishati hupungua kadiri misuli na shughuli zinavyopungua, lakini mahitaji ya protini hayapungui. Misuli ya mtu mzee huitikia protini kwa uzito kuliko misuli ya kijana, hivyo huhitaji kiasi kikubwa zaidi ili ijikarabati. Jopo la kimataifa la wataalamu lijulikanalo kama PROT-AGE lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mzee mwenye afya apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na aliye mgonjwa apate gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa maneno mengine, mzee huhitaji chakula kidogo kwa ujazo lakini chenye utajiri zaidi kwa kila kijiko.

Wakati huohuo, uzee wenyewe huweka vizuizi mbele ya mlo. Hamu ya kula hupungua, ladha na harufu hufifia, hisia ya kiu hudhoofika, na tumbo huhisi kushiba mapema. Kupungua kwa asidi tumboni hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12. Meno huoza au kung'oka. Juu ya hayo huja maradhi kama kifua kikuu, kisukari na sonona, pamoja na dawa zinazoondoa hamu ya chakula.

Matokeo yake hayaishii kwenye kukonda. Mzee aliyepoteza misuli huanguka kwa urahisi, huvunjika mfupa, hupona polepole, na hushambuliwa na maambukizi kama homa ya mapafu. Akilazwa kitandani kwa wiki chache hupoteza misuli zaidi, na mara nyingi haisimami tena hali yake ya awali. Mduara huo ni rahisi kuuzuia kabla haujaanza kuliko kuuvunja baadaye.

3.0 Mazingira ya Loliondo

3.1 Mzee hubaki, kundi huhama

Loliondo ni nyanda za juu zilizo kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, jirani na mpaka wa Kenya. Wakazi wake walio wengi ni Wamaasai, ambao chakula chao cha asili kilijengwa juu ya maziwa, pamoja na nyama, damu na samli. Kwa miongo mingi sasa ugali na uji wa mahindi vimechukua nafasi kubwa katika mlo huo, kwa sababu idadi ya watu imeongezeka kuliko idadi ya mifugo kwa kila kaya. Mahindi na maharage hununuliwa kwa fedha za mauzo ya mifugo, na sehemu yake hutoka katika maeneo ya kilimo kama Karatu.

Mwaka wa Loliondo hugawanywa na mvua za vuli, mvua za masika, na kiangazi kirefu kinachoanza takriban mwezi Juni hadi Oktoba. Nyasi zinapokauka karibu na makazi, vijana huondoka na kundi kwenda kwenye kambi za malisho, maarufu kwa jina la ronjo. Wazee, wajawazito na watoto wadogo hubaki bomani. Kwa kawaida ng'ombe wachache wa maziwa huachwa, lakini nao hutoa kidogo kadiri kiangazi kinavyokaza, na ukame ukiwa mkali nao huondolewa ili wasife. Katika miaka ya ukame mkubwa, kama ule wa mwaka 2009, ng'ombe wengi wa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania walikufa, na kaya zilizopoteza mifugo ziliendelea kukosa maziwa hata mvua iliporejea, kwani mtamba huchukua miaka kukua, kuzaa na kukamwa.

Suala la malisho haliwezi kutenganishwa na suala la ardhi. Mwezi Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 kati ya takriban 4,000 za lililokuwa Pori Tengefu la Loliondo ziliwekewa mipaka na kutengwa kwa ajili ya uhifadhi, zikijulikana kwa jina la Pololeti. Uamuzi huo umezua mjadala mkubwa wa kisheria na kisiasa ambao si lengo la makala haya kuuamua. Kinachohitaji kutajwa hapa ni kiungo cha kilishe: kila badiliko la mahali ng'ombe wanapolisha hubadilisha umbali kati ya maziwa na mzee. Utafiti wa lishe ya wazee utakaoiacha ramani ya malisho utakuwa umeacha nusu ya maelezo.

3.2 Kile ambacho unga hauwezi kukifanya

Ili kuona uzito wa badiliko la msimu, na tuchukue mfano wa kufikirika wa mzee mwenye uzito wa kilo 50. Kwa kigezo kilichotajwa, anahitaji gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku, na kwa kadirio la kawaida la kilokalori 30 kwa kila kilo anahitaji kilokalori 1,500 hivi. Akila ugali na uji vya unga wa mahindi wa gramu 300 kwa siku, hupata protini ya takriban gramu 24 na nishati ya kilokalori 1,080. Amekula na pengine ameshiba, lakini amepata chini ya nusu ya protini anayohitaji. Tena protini ya mahindi ni hafifu, kwa kuwa ina upungufu wa aina fulani za asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Vitamini B12 haimo kabisa katika mahindi.

Mzee huyohuyo akiongezewa nusu lita ya maziwa hupata gramu 16 nyingine za protini na kilokalori zipatazo 320. Akiongezewa pia maharage makavu ya gramu 100 yaliyopikwa, hupata gramu 22 na kilokalori 330. Jumla inafikia gramu 62 na kilokalori 1,730, na mahitaji yametimia. Tofauti kati ya siku inayojenga mwili na siku inayoubomoa ni vikombe viwili vya maziwa na bakuli moja la maharage.

Kiangazi huondoa vikombe hivyo viwili kimyakimya. Chai ya maziwa hugeuka chai ya rangi yenye sukari nyingi. Kikombe bado kina joto na utamu, na mzee bado anakunywa asubuhi na jioni, lakini kimebaki maji na sukari. Chai hiyo ikinywewa pamoja na mlo hupunguza pia ufyonzaji wa madini ya chuma yatokanayo na nafaka na maharage. Ndiyo maana upungufu huu ni mgumu kuonekana kwa macho ya nyumbani: mazoea ya mlo hayajabadilika, kilichobadilika ni kilichomo ndani yake.

3.3 Mgawo ndani ya boma

Katika boma la Kimaasai, maziwa ni milki ya wanawake. Mwanamke aliyeolewa hupewa ng'ombe wa kukama, na ndiye huamua kiasi cha kuachia ndama, cha watoto, cha wageni na cha kuuza. Heshima kwa wazee ni nguzo ya jamii hii, na si haki kudhani kwamba mzee mwenye utapiamlo ametelekezwa. Mara nyingi hali ni kinyume chake: mzee mwenyewe hujinyima. Bibi humwachia mjukuu kikombe chake. Babu husema ameshiba ili mgeni apate. Ukarimu huo una thamani kubwa, lakini mwili haupokei ukarimu badala ya protini.

Wajane wako katika hatari ya pekee. Mama mzee kwa kawaida huishi karibu na mwanawe wa mwisho. Iwapo kijana huyo yuko kambini na kundi, au amekwenda mjini kutafuta kazi ya ulinzi, mgawo wa mama hutegemea huruma ya nyumba nyingine ambazo nazo zimepungukiwa.

3.4 Hali ya Wabatemi

Si wazee wote wa wilaya hii ni wafugaji wa ng'ombe. Kusini mwa Loliondo, katika Tarafa ya Sale, wanaishi Wabatemi, waitwao pia Wasonjo, katika vijiji kama Samunge, Digodigo na Sale. Hao ni wakulima wa umwagiliaji wanaofuga mbuzi na nyuki, na mifereji yao husimamiwa na baraza la wazee liitwalo wenamiji. Chakula chao kimejengwa juu ya mtama, mahindi, maharage na viazi vitamu. Huko mzee hapotezi mlo kwa sababu ya kuhama kwa kundi; huupoteza pale nguvu za kulima na kutunza mfereji zinapomwishia. Ulinganisho huu unaonesha kwamba hatua za kinga hazina budi kuanzia kwenye swali moja: katika kaya hii, ni kitu gani kinachokatika kwanza kati ya chakula na mzee?

4.0 Kutambua Hatari Mapema

Kinga hutegemea kutambua upungufu kabla mzee hajadhoofika. Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Mwongozo wa huduma jumuishi kwa wazee wa Shirika la Afya Duniani huanza na maswali mawili: je, umepungua zaidi ya kilo tatu bila kukusudia katika miezi mitatu iliyopita, na je, umepoteza hamu ya kula? Pale ambapo hakuna mizani, swali la kwanza linaweza kuulizwa kwa njia inayoeleweka bomani: je, bangili zako zimelegea? Je, mkanda unafungwa tundu la ndani zaidi kuliko wakati wa masika?

Hatua ya pili ni kipimo cha mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono. Katika mbinu ya upimaji wa haraka kwa wazee iitwayo RAM-OP, iliyoandaliwa kwa ushiriki wa shirika la HelpAge International, mzunguko ulio chini ya sentimita 21 huashiria utapiamlo, na ulio chini ya sentimita 18.5 huashiria utapiamlo mkali. Utepe unaotumika kwa watoto unaweza kutumika iwapo una urefu wa kutosha, lakini kwa tahadhari moja muhimu: rangi zake ni za watoto. Rangi nyekundu huishia sentimita 11.5, hivyo karibu kila mzee, hata aliye hatarini kabisa, ataangukia kwenye kijani. Mhudumu hana budi kusoma namba na kuiacha rangi. Kosa la kusoma rangi linaweza kumrudisha nyumbani mzee mgonjwa akiwa ameambiwa kwamba yu salama.

Kituo cha afya chenye mizani kinaweza kutumia pia uwiano wa uzito na urefu. Hapa kuna mtego mwingine. Mzee aliyepinda mgongo hupimwa mfupi kuliko alivyo, na ufupi huo huongeza uwiano wake kwa uongo. Njia sahihi ni kukadiria urefu kwa kupima nusu ya upana wa mikono, yaani kuanzia katikati ya kitako cha shingo, juu ya kidari, hadi kwenye mzizi wa kidole cha kati na cha pete, mkono ukiwa umenyooshwa pembeni. Kwa wanawake, urefu kwa sentimita hupatikana kwa kuzidisha kipimo hicho kwa 1.35 na kujumlisha 60.1, kwa wanaume, kwa kuzidisha kwa 1.40 na kujumlisha 57.8.

Mfano ufuatao unaonesha umuhimu wa jambo hili. Bibi mwenye uzito wa kilo 45 akisimama akiwa amepinda anapimwa sentimita 152, na uwiano wake unakuwa 19.5, juu ya kiwango cha 18.5 kinachotumika kutambua uzito pungufu. Nusu ya upana wa mikono yake ni sentimita 74, ambayo inatoa urefu wa sentimita 160. Kwa urefu huo, uwiano wake halisi ni 17.6. Mgongo wake uliopinda ulikuwa umeuficha utapiamlo wake.

Wakati wa kupima una uzito sawa na namna ya kupima. Kipimo kimoja mwishoni mwa masika, maziwa yakiwa mengi, hutoa msingi wa ulinganisho; cha pili, katikati ya kiangazi, huonesha kilichopotea. Mzee aliyeshuka kutoka sentimita 25 hadi 22 bado hajavuka mpaka wa hatari, lakini mwelekeo wake unatosha kuchukua hatua.

5.0 Hatua za Kuzuia

5.1 Kuyabakisha maziwa

Hatua ya msingi ni makubaliano ya kaya kabla ya kundi kuondoka: ni mnyama yupi atabaki kwa ajili ya mzee, na nani atamkama. Wamaasai wanayo tayari taasisi inayoweza kubeba makubaliano hayo. Olopololi ni eneo la malisho ya akiba lililo karibu na makazi, linalohifadhiwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Kulilinda eneo hilo kwa sheria ndogo za kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi ni hatua ya lishe, ingawa kwa kawaida haihesabiwi hivyo.

Mbuzi wa maziwa anafaa zaidi kwa kusudi hili. Hula majani ya vichaka ambavyo hubaki na ubichi baada ya nyasi kukauka, huzaa mapema, na bibi anaweza kumkama mwenyewe. Maziwa yasipotosha kila siku, mtindi unaohifadhiwa katika kibuyu kilichofukizwa kwa kuni za mtamaiyo, kama ilivyo desturi, hurefusha matumizi ya maziwa ya siku za wingi. Samli inayotengenezwa wakati wa masika na kuongezwa kijiko kimoja kwenye uji wa kiangazi huongeza nishati bila kuongeza ujazo, jambo linalomfaa mtu anayeshiba upesi.

Tahadhari moja inahitajika. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, yaani bruselosisi, na kifua kikuu huweza kuambukizwa kwa maziwa mabichi. Maziwa ya mzee yachemshwe kwanza, kisha yagandishwe ikiwa ndivyo anavyoyapenda.

5.2 Kukirekebisha chungu

Ushauri wa lishe unaotolewa kwa kunakili mabango ya mijini hushindwa hapa. Kumwambia mzee wa Kimaasai ale samaki na mayai kila siku ni kumwambia ale vitu ambavyo wengi wa rika lake hawakuvihesabu kuwa chakula. Maharage, kwa upande mwingine, yamekwisha kukubalika. Kikwazo chake ni mapishi. Loliondo iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto 93 hivi. Maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva, kuni na maji hupatikana kwa shida wakati wa kiangazi, na mzee asiye na meno huachwa na punje ngumu. Kuyaloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji hayo, kuyapika hadi yalainike na kuyaponda ndani ya ugali laini au uji huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Mpangilio wa mlo nao una nafasi yake. Milo midogo minne au mitano humfaa mzee kuliko miwili mikubwa. Chai ya rangi inywewe saa moja au mbili baada ya kula. Supu ya nyama na mifupa, ambayo jamii hii huithamini kama tiba, ina faida zaidi mzee anapopewa pamoja na nyama iliyosagwa au kukatwa ndogondogo, kwa kuwa protini iliyo nyingi hubaki katika nyama na si katika mchuzi.

5.3 Macho, meno na maradhi

Chakula kinaweza kuwepo na mzee asiweze kukifikia. Trakoma imeendelea kuwa tatizo sugu katika wilaya za wafugaji wa Kimaasai, na huwaathiri zaidi wanawake, ambao hukaa karibu na watoto walioambukizwa. Bibi asiyeona hawezi kukoka moto wala kupima unga. Upasuaji wa kope zilizopinduka na wa mtoto wa jicho, kwa hiyo, ni sehemu ya kinga ya utapiamlo. Vivyo hivyo kwa matibabu ya meno na fizi. Aidha, mzee anayekonda licha ya kula vizuri apimwe kifua kikuu na kisukari kabla ya kuambiwa kwamba ni uzee. Mzee mwenye utapiamlo mkali asishindiliwe chakula kingi kwa ghafla, kwani mabadiliko ya haraka ya madini katika damu yanaweza kumuua. Apelekwe hospitalini ili lishe yake iongezwe hatua kwa hatua.

5.4 Nafasi ya taasisi

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee kupata huduma za msingi, na sera ya afya ya mwaka 2007 ilielekeza matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Misingi hiyo ni ya thamani, lakini humhudumia mzee aliyekwisha kufika kituoni. Kinga humhitaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayefika bomani. Kuongeza safu moja ya wazee katika daftari lake, yenye mzunguko wa mkono na tarehe, kungegharimu kidogo, kwa kuwa mtu, safari na utepe vimekwisha kuwepo.

Kwa upande wa kipato, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini uliotekelezwa na TASAF ulizifikia baadhi ya kaya zenye wazee, lakini ruzuku ilitolewa kwa kaya na si kwa mzee. Zanzibar ilichukua njia nyingine mwezi Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Malipo ya mtu binafsi humpa mzee sauti katika mgawo wa chakula, sauti ambayo mgao wa kaya hauihakikishi. Kwa Loliondo, muda wa malipo ni muhimu sawa na kiasi chake: fedha zinazofika mwezi Julai hununua maharage ya kiangazi.

6.0 Mipaka ya Hoja

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba maziwa anayopewa mzee hutoka kinywani mwa mtoto. Wasiwasi huo ni wa haki, na ndiyo sababu makala yanasisitiza kuongeza chanzo, kama mbuzi, samli na maharage, badala ya kugawa upya kile kidogo kilichopo. Ikumbukwe pia kwamba katika maboma mengi bibi ndiye mlezi wa watoto wakati mama anapokwenda kutafuta maji na kuni. Nguvu zake ni sehemu ya usalama wa mtoto.

Pingamizi ya pili ni kwamba ushauri wa kaya hauwezi kushinda ukame wala uhaba wa malisho. Hilo ni kweli. Mwaka ambao mifugo inakufa, hakuna makubaliano ya bomani yatakayozalisha maziwa, na msaada wa chakula kutoka nje hauepukiki. Hata hapo, kumbukumbu za mikono iliyopimwa tangu masika zitaonesha nani asaidiwe kwanza, na zitazuia msaada huo kuishia kwenye unga peke yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba utapiamlo wa mzee wa Loliondo hauanzi na chungu kitupu. Huanza pale maziwa yanapohama na mzee kubaki, akila chakula kinachojaza tumbo bila kutunza misuli. Hali hiyo hufichwa na mazoea ya mlo, na ukarimu wa wazee wenyewe, na rangi za utepe wa watoto, na mgongo uliopinda. Kila kimojawapo kati ya vificho hivyo kinaweza kufunuliwa kwa maarifa mepesi na vifaa vilivyopo.

Inapendekezwa, basi, kwamba wazee wapimwe mzunguko wa mkono mwishoni mwa masika na katikati ya kiangazi. Kwamba kila kaya inayohamisha mifugo ikubaliane mapema kuhusu mnyama wa kumwachia mzee. Kwamba maeneo ya olopololi yalindwe. Na kwamba halmashauri iwaingize wazee katika takwimu zake za lishe. Kwa watafiti, swali lililo wazi ni ukubwa wa mshuko wa msimu: mkono wa mzee hupungua kwa kiasi gani kati ya Mei na Oktoba, na je, hupungua kidogo zaidi katika maboma yaliyobakisha mbuzi wa maziwa? Swali hilo linaweza kujibiwa kwa utepe, daftari na msimu mmoja wa kiangazi.